NACA 4412, SG6043 au bomba la PVC? Jibu kwa fundi anayechonga mapanga ya upepo

SWALI: Mimi ni fundi seremala Singida. Nataka kuchonga mapanga matatu ya mtambo wa upepo wenye kipenyo cha mita 2.4, wa kuchaji betri za volti 24. Jenereta ya sumaku ninayo tayari. Mmoja ananiambia nichonge NACA 4412. Mwingine anasema hiyo ni ya ndege za kizamani, nichukue SG6043. Rafiki yangu yeye anakata bomba la PVC tu na mtambo unazunguka. Nimeijaribu NACA 4412 kwenye programu ya kompyuta, ikanionyesha kwamba nguvu ya kuinua inazidi ukinzani karibu mara 130. Ni umbo lipi litanipa umeme mwingi zaidi? Na je, mapanga hayohayo naweza kuyafunga kwenye pampu ya kisima cha mjomba?

JIBU: Fundi, salamu. Jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa kuwa unachonga mbao kwa mkono, chonga NACA 4412 au Clark Y, na shina la panga, yaani sehemu ya ndani iliyo karibu na katikati, ulifanye nene zaidi ya umbo hilo. SG6043 ni umbo bora kuliko hayo mawili, na kama ungekuwa na kalibu ya kumwagia faiba ningekuambia ulichukue bila kusita. Ila tofauti yake kwenye umeme utakaouona ni ndogo kuliko kelele zinazopigwa juu yake. Pembe ya panga ikikosewa nyuzi mbili, ukingo wa nyuma ukiachwa mnene, au jenereta isipopatana na mapanga, hasara yake itakuwa kubwa kuliko faida yoyote ya kubadili umbo.

Kwa wasomaji wengine: NACA 4412 (NACA lilikuwa shirika la utafiti wa ndege la Marekani), Clark Y na SG6043 ni majina ya eafoili, yaani umbo unaloliona ukilikata panga kwa msumeno na kulitazama pale lilipokatwa. Mbele pameviringwa, nyuma pamechongoka, mgongo umebinuka. Hewa ikipita humo hulisukuma panga kuelekea upande wa mgongo, na huo ndio msukumo wa kuinua. Hewa hiyo pia hulivuta panga nyuma, na huo ndio ukinzani. Mchonga mapanga anatafuta umbo lenye kuinua kwingi kwa ukinzani mdogo.

Sasa hiyo 130 yako, yaani uwiano wa kuinua na ukinzani. Si ya uongo, ila si ya panga lako. Programu kama XFOIL, aliyoiandika Mark Drela wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1986, na nyingine zinazoitumia ndani yake kama QBlade, zinakokotoa kwa namba ya Reynolds unayoziandikia. Karibu 130 kwa NACA 4412 hutoka ukiandika 1,000,000. Namba hii hupatikana kwa kuzidisha kasi ya hewa inayopita kwenye panga kwa upana wa panga, kisha kugawanya kwa kiasi kinachoonyesha jinsi hewa ilivyo nzito na yenye mnato. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi: mita ya ujazo ina kilo 1 hivi, wakati pwani inakaribia kilo 1.2. Kwa hewa ya kwenu, gawanya kwa 0.000018.

Tuchukue sehemu ya panga iliyo sentimita 90 kutoka katikati, maana hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Upana wake utakuwa kama sentimita 8. Mapanga matatu ya kuchaji betri hufanya kazi vizuri ncha ikikimbia mara 6 ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde ukivuma, ncha inakwenda mita 24 kwa sekunde, na hapo kwenye sentimita 90 kasi ni mita 18. Zidisha 18 kwa 0.08, gawanya kwa 0.000018: unapata 80,000. Upepo ukiwa mita 8, unapata 160,000. Basi panga lako litaishi kati ya 70,000 na 200,000 karibu maisha yake yote. Andika 100,000 kwenye programu hiyohiyo, na ile 130 itashuka chini ya nusu.

Kwa nini inashuka hivyo? Kwenye namba ndogo hewa hupita juu ya mgongo wa panga kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka. Utulivu huo unapendeza hadi hewa inapovuka kilele cha mgongo na kuanza kuelekea nyuma, ambako mgandamizo unapanda. Hewa tulivu haina nguvu ya kuupanda mlima huo. Inabanduka kwenye panga, inavurugika, kisha mara nyingi inarudi kushika tena nyuma kidogo ya hapo, na katikati inaacha kiputo cha hewa iliyokwama. Kiputo hicho ndicho kinachokula uwiano wako. Namba ikishuka zaidi, hewa hairudi tena kushika na panga linakuwa kama ubao. Kadiri umbo lilivyo nene na mgongo ulivyo mkali, ndivyo shida hii inavyoanza mapema. Ndiyo sababu chini ya 60,000 hivi bamba jembamba lililopindwa linaweza kulishinda umbo nene la ndege. Wanaotengeneza ndege ndogo za mchezo wanalijua hili tangu zamani, F. W. Schmitz alilipima Ujerumani miaka ya 1930 na 1940.

Kwa hiyo anayekuambia NACA 4412 ni umbo la ndege ana hoja. Lilipimwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya ndege, kwenye namba za Reynolds kubwa mno kuliko zako. Lakini swali la kujiuliza ni hili: kuongeza uwiano wa kuinua kunaleta umeme kiasi gani?

Kuna hesabu fupi ambayo kila mchonga mapanga angepaswa kuwa nayo kichwani. Chukua idadi ya mara ambazo ncha inaupita upepo, gawanya kwa uwiano wa kuinua na ukinzani. Jibu ni sehemu ya nguvu inayopotea kwa sababu ya ukinzani wa panga zima. Kwako idadi hiyo ni 6. Umbo likikupa uwiano wa 55, unapoteza 6 kwa 55, yaani 11%. Tuseme SG6043 linakupa 65: unapoteza 9%. Umebadili umbo, umekesha na tupa na msasa, umepata 2%. Nenda upande wa pili sasa: nguvu ya upepo hupanda kwa kasi yake ikizidishwa yenyewe mara tatu (kasi × kasi × kasi), kwa hiyo nguzo ndefu zaidi ikikupa upepo wenye kasi zaidi kwa 5% tu, nguvu inapanda karibu 16%. Pesa ya kununulia eafoili nzuri, mara nyingi, ni heri inunue bomba la kurefushia nguzo.

Usinielewe vibaya lakini. Hesabu hiyohiyo inasema umbo baya linaumiza haraka. Uwiano ukiwa 20 unapoteza 30%, ukiwa 15 unapoteza 40%. Kutoka 15 kwenda 50 ni ukombozi, kutoka 50 kwenda 65 ni mapambo. Kazi yako ni kuhakikisha panga unalotoa karakanani linafika 50 kweli, na hapo ndipo uchaguzi wa umbo unaporudi mezani: lipi kati ya haya linavumilia mkono wa binadamu?

Clark Y ilichorwa na Virginius Clark mwaka 1922, na ndiyo iliyokuwa kwenye mabawa ya ndege ya rubani Lindbergh alipovuka Atlantiki mwaka 1927. Unene wake ni 11.7% ya upana. Uzuri wake kwa seremala ni kwamba upande wa chini umenyooka kuanzia 30% ya upana hadi nyuma. Unapiga randa uso bapa, unaukagua kwa rula, umemaliza nusu ya kazi. NACA 4412 inasomeka kwenye jina lake: 4 ya kwanza ni mbinuko wa 4% ya upana, 4 ya pili inasema kilele cha mbinuko kiko 40% kutoka mbele, na 12 ni unene wa 12%. Kwa panga la milimita 80, unene ni kama milimita 9.6. Upande wake wa chini nao umekaribia kunyooka, kiasi kwamba ukichonga Clark Y na NACA 4412 kwa mkono, kisha ukaziweka mezani, mwenye macho makali atahangaika kuzitofautisha. Hugh Piggott wa Scoraig kule Uskoti, ambaye mitambo yake imeigwa na mafundi wa nchi nyingi, naye hufundisha uso bapa kuelekea upepo na mgongo ulioviringwa, sehemu nene zaidi ikiwa karibu theluthi ya upana kutoka mbele. Si kwa kukosa elimu. Ni kwa kujua mbao.

SG6043 na ndugu zake SG6040, SG6041 na SG6042 yalitolewa na Philippe Giguère na Michael Selig wa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1998, kwa ajili ya mitambo midogo hasa, namba za Reynolds kati ya 100,000 na 500,000. Matatu yana unene wa 10% na yanatofautiana kwa mbinuko, la 6043 likiwa limebinuka kuliko yote. SG6040 lina 16% nalo ni la shinani. Ukiyasoma hayo unaona kabisa yamechorwa kwa ajili yako. Tatizo linakuja kwenye benchi. Karibu na ncha panga lako lina upana wa milimita 62 hivi, kwa hiyo 10% yake ni milimita 6 za mbao katika sehemu nene kuliko zote. Upande wa chini una bonde kuelekea nyuma, mahali ambapo randa bapa haifiki, utakwangua kwa kipande cha chuma kilichopindwa na kukagua kwa kiolezo kila sentimita chache. Na ukingo wa nyuma unakonda mno: paina ikiwa milimita moja juu ya bonde hilo, hupasuka kufuata nyuzi zake. Ukiliacha nene kwa usalama, umeshalipoteza lile ulilolifuata. FX 63-137 ya Wortmann wa Stuttgart, ambayo pia utakutana nayo ukitafuta, ina ugonjwa huohuo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Utayaona pia S822 na S823, ya maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani. Unene 16% na 21%. Ni maumbo mazuri kwa panga kubwa kuliko lako. Kwa namba ya Reynolds ya 80,000 ni manene mno kwenye sehemu ya nje, yaache.

Rafiki yako wa PVC usimcheke. Kipande cha bomba ni bamba lililopindwa, na nimeshasema bamba kama hilo linafanya vizuri kwenye namba ndogo. Kosa liko kwenye ukubwa wa bomba. Mbinuko mzuri wa bamba ni kati ya 5% na 8% ya upana. Chukua kipande cha upana wa sentimita 8 kutoka bomba la milimita 110, lile la maji taka linalopatikana kila duka: kina cha mpindo wake ni milimita 17, yaani mbinuko wa 21%. Hilo ni bakuli. Bomba la milimita 160 linakupa 13%, la 200 linakupa 10%, na unafika 8% ukiwa na bomba la milimita 250. La 315 ni zuri zaidi, 6.5%. Kwa hiyo anayetumia bomba jembamba anapata kitu kinachoanza kuzunguka kwa urahisi, kisha kinagoma kwenda kasi, na jenereta inabaki inapiga miayo.

Hata hivyo kwa kipenyo cha mita 2.4 nisingelitumia PVC hata bomba likiwa la ukubwa unaofaa. Upepo wa mita 10 kwa sekunde utauzungusha mtambo wako karibu mara 480 kwa dakika. Panga la kilo moja, uzito wake ukiwa umekaa sentimita 45 kutoka katikati, linavutwa nje kwa nguvu ya takribani nyutoni 1,100, sawa na kulining'iniza na mzigo wa kilo 110. PVC inalainika kwa joto, inakuwa kavu na dhaifu kwa jua la miaka miwili mitatu, na ikianza kupepea kwa kasi hiyo inavunjika bila taarifa. Kwa mtambo wa kipenyo cha mita moja juu ya paa la banda, sawa. Wako, hapana.

Tuje shinani. Watu hupoteza muda mwingi kuchagua eafoili ya shina, wakati nusu ya nje ya panga ndiyo inayofagia robo tatu ya eneo lote la mzunguko. Asilimia thelathini ya ndani ya urefu wa panga haifiki hata sehemu moja ya kumi. Tena kule ndani kasi ni ndogo, ukinzani hauumizi sana. Kwa hiyo shinani umbo lifuate nguvu: unene wa 15% hadi 18% ya upana, au hata zaidi pale panapokutana na habu, kitovu kinachoyashika mapanga, maana uimara wa mbao dhidi ya kupindwa hupanda kwa unene mara unene. Ukianza na NACA 4412 nje, ndani ifanye 4415 au 4418, mchongo uungane taratibu, hakuna atakayeona mshono.

Kazi nyingine ya shina ni kuamsha mtambo. Panga likiwa limesimama, hewa inaligonga karibu uso kwa uso, na hapo jina la eafoili halina maana yoyote. Kinachousukuma mtambo uanze ni upana na msokoto wa sehemu ya ndani. Wanaochonga panga lenye upana mmoja tangu habu hadi ncha, bila msokoto, wanalalamika kwamba mtambo unasubiri upepo mkali ndipo uamke, na wanailaumu NACA.

Hapa ndipo mahali pa kuweka akili yako yote: pembe. Kwa mtambo wako, hewa inalifikia panga kwa pembe ya nyuzi 8.3 hivi kutoka kwenye bapa la mzunguko, pale kwenye sentimita 90. NACA 4412 inafanya kazi vizuri ikiikabili hewa kwa nyuzi 5. Kwa hiyo panga lilale nyuzi 3.3. Sentimita 36 kutoka katikati hewa inakuja kwa 19.4, panga lilale 14.4. Nchani hewa inakuja kwa 6.3, panga lilale 1.3.

Sasa mtego. Pembe hizo hupimwa kwenye mstari unaounganisha ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Mstari huo umo ndani ya mbao, huwezi kuugusa. Wewe utapima kwenye uso bapa wa chini, na uso huo unatofautiana na mstari kwa karibu nyuzi 2, kwa Clark Y na kwa NACA 4412 vilevile. Ukiichukua 3.3 ya programu na kuikata kwenye uso bapa, panga litakuwa limekaa nyuzi 2 chini ya linavyotakiwa, linaikabili hewa kwa 7 badala ya 5, karibu zaidi na kubanduka. Ongeza 2 kila mahali: 16.4 kwenye sentimita 36, 5.3 kwenye sentimita 90, 3.3 nchani.

Nyuzi ni taabu kupima kwenye mbao, zigeuze ziwe milimita. Panga likiwa na upana wa milimita 140 kule sentimita 36, ukingo wa nyuma urudi nyuma, mbali na upepo, kwa sentimita 4 kutoka usawa wa ukingo wa mbele. Kwenye sentimita 90, upana milimita 80, urudi milimita 7.5. Nchani, upana milimita 62, urudi milimita 3.6. Unaona kwamba mbao ya kawaida ya 2 kwa 6 inatosha. Paina ya Sao Hill inafaa kabisa ikiwa imekauka na haina vifundo kwenye nusu ya nje. Ni nyepesi na inachongeka. Mninga hautulii kwenye randa kama paina, ni mzito kidogo, lakini hausinyai wala haupindi, na mimi ningeupendelea kama bei haikuumizi. Mapanga yote matatu yatoke kwenye ubao mmoja kama inawezekana. Hakikisha ncha tatu zinafanana kwa nusu milimita katika ule umbali wa kurudi nyuma: mapanga matatu yaliyokosewa sawasawa hutulia kuliko mawili sahihi na moja tofauti.

Ukingo wa nyuma ulete hadi milimita moja, moja na nusu usizidi, na uwe umekatwa mraba, usiuviringe. Ukingo wa mbele, kinyume chake, uviringe vizuri. Wengi hufanya kinyume, wanaunoa wa mbele kama kisu wakidhani unakata hewa. Ukingo wa mbele ukiwa mkali, hewa inabanduka mara tu pembe inapobadilika kidogo, na upepo wa Singida hauji kwa pembe moja.

Jenereta yako ya sumaku inastahili aya yake, maana ndiyo inayoamua ni pembe ipi panga litaishi nayo. Ikiungwa moja kwa moja na betri, betri inaishikilia volti pale pale, na jenereta yenye nguvu inaushikilia mzunguko nao usipande. Tuseme upepo umefika mita 10 kwa sekunde lakini jenereta inaubana mtambo kwenye mizunguko 260 kwa dakika. Ncha inakimbia mara 3.3 tu ya upepo badala ya 6. Hewa pale kwenye sentimita 90 sasa inakuja kwa karibu nyuzi 15, na panga linaikabili kwa 11 au zaidi. Kwa namba zako za Reynolds, hapo hewa iko mlangoni kuondoka. Mtambo unanguruma, umeme haupandi. Mtu anabadilisha mapanga mara tatu, wakati dawa ilikuwa kuilegeza jenereta: kupanua kidogo nafasi kati ya sumaku na koili, au kuunga waya mrefu unaouzuia umeme kiasi. Hii ni sababu nyingine ya mimi kupenda NACA 4412 kwa kazi hii. Hewa ikianza kubanduka kwake inaanzia nyuma na kusogea mbele polepole, kwa hiyo nguvu inapungua kwa upole badala ya kukatika.

Vumbi na wadudu navyo vimo kwenye hesabu. Mwaka 2001 Gustave Corten na Herman Veldkamp walionyesha, kwenye jarida la Nature, kwamba wadudu waliogandamana kwenye ukingo wa mbele waliweza kupunguza nguvu ya mitambo mikubwa kwa nusu kwenye upepo mkali. Yale maumbo ya S ya Marekani yalianza kuchorwa miaka ya 1980 kwa sababu hiyohiyo: maumbo ya NACA yakichafuka yalipoteza nguvu nyingi. Kwa panga dogo mambo yako tofauti kidogo, kwani mkwaruzo kiasi karibu na mbele unaweza hata kuiamsha hewa tulivu na kukifuta kile kiputo. Usiutafute mkwaruzo huo, lakini pia usipoteze wiki ukisugua panga hadi ling'ae. Msasa wa namba 180, rangi ya mafuta au epoksi, basi. Kinachoumiza ni rangi iliyobanduka kwa ngazi na mbao iliyotafunwa na mchanga. Ukingo wa mbele wa nusu ya nje upige epoksi nzito au utepe wa plastiki mgumu, na uukague kila kiangazi kikiisha.

La mwisho, pampu ya mjomba. Mapanga haya usiyafunge kwenye pampu ya pistoni. Pampu hiyo inataka msukumo mkubwa tangu mtambo umesimama, na mapanga matatu membamba hayana. Mtambo wa pampu una mapanga mengi mapana na ncha yake inakwenda sawa na upepo au mara moja na nusu hivi. Rudi kwenye ile hesabu: 1.5 kwa uwiano wa 20 ni hasara ya 7.5%. Hapo eafoili ya kuchonga ni kupoteza mbao, bati nene lililopindwa linatosha, na ndivyo zilivyotengenezwa pampu za Kijito kule Thika, Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Pinda bati kwa mbinuko wa 7% hadi 10%, na bomba la kulishikilia lichomelee upande wa ndani ya mpindo, ule unaotazama upepo. Likikaa mgongoni, hewa inabanduka pale pale lilipo bomba, ukinzani unapanda mara kadhaa, na hakuna idadi ya mapanga itakayoufidia.